Kigingi cha Mkoko

Mfaume alikuwa fundi magari wa Kibiti, lakini mikono yake ilikuwa bado ya kwao Salale, kwenye mikoko. Baba yake, Mungu amrehemu, alitengeneza mashua maisha yake yote, na kwenye mashua ukiona tundu unaziba. Maswali baadaye.

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye ndugu Dubai akiingiza gari. Abdulrazaq alitoka Dar na gari lake la watalii, lenye vitanda na jiko ndani, akataka lijijazie upepo lenyewe, maana mchangani unapunguza upepo wa matairi na ukishatoka unaujaza tena. Mfaume akachukua kompresa ya kiyoyozi cha gari bovu, akaiunga na mkanda wa injini. Tangi akaling'oa kwenye breki za lori lililokufa, akalifunga chini ya benchi la nyuma. Kazi ya kujivunia, tuseme haki.

Walipoijaribu, kidude cha juu ya tangi kikaanza kutema upepo.

"Linavuja hili," alisema Abdulrazaq.

Mfaume akachonga kigingi cha mkoko, akakizungushia pamba yenye sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mashua, akakigongomelea kwenye tundu la kile kidude. Kimya. Mama yake, Bi Mwanamina, akaomba lifti mpaka Chumbi akamwone kitukuu. Akakalia benchi, kikapu mapajani, wakaondoka.

Haikupita nusu saa, lori la Haidari, mteja wake wa siku nyingi, likasimama gereji likiunguruma. Mara tangi lake la upepo wa breki likatema.

"Na lako linavuja," Mfaume alimwambia.

Haidari alicheka. "Fundi gani wewe? Likijaa linatema. Lisipotema linapasuka, na likipasuka utaokota vipande."

Mfaume akakumbuka kigingi chake. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alimwagiza Abdulrazaq: mkimaliza mchanga, mkifika pantoni ya Ndundu, washa kompresa, jaza matairi, kisha iache ijaze tangi mpaka zamu yenu ya kuvuka.

"Twende Ndundu," alisema. "Nimeziba tangi la namna hiyo, na mama yangu amelikalia."

Haidari akageuza lori. Njiani kila shimo walilogonga Mfaume aliruka kwenye kiti. Alianza Yasini ikamkatikia, akaanza upya, ikamkatikia palepale. Aliogopa, jamani, hakuna namna nyingine ya kusema. Na zaidi aliogopa kufika akakuta watu wamekusanyika.

Walilikuta gari kwenye foleni linaunguruma, matairi yamejaa ndi. Abdulrazaq alikuwa pembeni ananunua miwa. Bi Mwanamina alikuwa juu ya benchi anamenya chungwa.

Mfaume alizima injini. "Shuka, mama. Usiulize."

Akamshika mkono mpaka nyuma ya lori, akawafukuza waliokuwa karibu, akarudi peke yake. Kigingi hakuthubutu kukigusa. Chini ya tangi kulikuwa na kikoki cha kutolea maji. Akalala mchangani, uso chini ya tangi lenyewe, akakifungua. Upepo ukatoka. Ukatoka mpaka watu wa foleni wakaacha mazungumzo, na bado ukawa unatoka.

Ulipokwisha alikichomoa kigingi kwa koleo. Mama yake alikuwa keshafika ubavuni. Akakichukua, akakinusa. Harufu ile aliifua kwenye nguo za mumewe miaka arobaini.

"Upepo wote ule nilikuwa nimeukalia mimi?"

"Ndiyo, mama. Niliziba mimi."

Bi Mwanamina alikifunga kigingi kwenye pindo la khanga yake, akachukua kikapu chake garini bila kumtazama mwanawe, akaenda kusimama mlangoni kwa Haidari.

"Baba, lako linatema?"

"Linatema, mama."

Akapanda.