Sahani ya Manong Pining

Baada ya kiharusi, kaka yangu Crispin, ambaye mtaa mzima hapa Silay, Ufilipino, humwita Manong Pining, yaani Kaka Pining, alibaki na tamaa moja: jina lake lichongwe kwenye lango.

Lango lenyewe halipo duniani. Limo ndani ya Milima Saba, mchezo ambao watu huucheza pamoja kwa mtandao, kila mmoja na mhusika wake: huyu askari, huyu mpiga mishale, huyu mganga. Kundi la kwanza kuiangusha ngome ya mwisho, majina ya watu wake kumi huchongwa kwenye lango la mji na hayafutwi. Wapo wanaocheka. Lakini Manong alifanya kazi kiwanda cha sukari tangu ndevu hazijaota hadi kilipofungwa, na siku walipokuja kung'oa mitambo hakuna jina la mfanyakazi lililobaki pale, hata la mlinzi.

"Hili angalau," aliniambia, "hawatalifuata na winchi."

Kundi lake liliitwa Wakata Miwa. Yeye ndiye aliyeliasisi, pamoja na wenzake wa kiwandani waliokuwa wametawanyika: mmoja Dubai, mmoja baharia, mmoja anauza simu Iloilo. Jumapili alasiri, watu wakishatoka Misa na kula, walikutana mchezoni wakapigana na kutaniana hadi wakati wa kuwasha taa. Manong alikuwa mganga wao. Askari akiumia, yeye humponya. Kisha mkono wake wa kulia ukapooza, akiwa bado wodini akamkabidhi uongozi Jovert, kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha mchezo.

Mimi naitwa Felisa; Manong huniita Inday, kama dada mdogo anavyoitwa kwetu. Nafua na kupiga pasi nguo za watu. Wakati huo nilikuwa nasoma darasa la jioni katika ukumbi wa parokia, tukifundishwa kuandika programu za kompyuta, na nilikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote, na kuliko mwalimu pia. Nilipomwona Manong anahangaika na kipanya kwa mkono wa kushoto, wenzake wakifa kabla hajawafikia, nilikwenda kupiga magoti mbele ya sanamu ya San Diego, mtakatifu wa parokia yetu, nikaomba nionyeshwe la kufanya. Nilichoonyeshwa ni nyongeza.

Nyongeza ni programu ndogo ambazo wachezaji wenyewe huziandika na kuzibandika juu ya mchezo. Ipo ya kukuza herufi kwa wenye macho mabovu. Ipo ya kukuchorea njia kwenye ramani usipotee msituni. Wenye mchezo wanaziruhusu kwa sharti moja: nyongeza ionyeshe, isiamue. Kubonyeza, abonyeze mtu.

Basi nikakaa na Manong, pasi ikiwa imepoa mezani, nikamuuliza alivyokuwa akijua nani wa kumponya.

"Simwangalii aliyeumia, Inday. Aliyeumia nimeshachelewa. Namwangalia anayetaka kuumia."

"Utamjuaje?"

"Jovert, kwa mfano. Akiona adui anakaribia kufa anasahau kurudi nyuma. Anakuwa kuku aliyeona mchele. Yule wa Dubai dawa zikimwishia hukimbilia kushoto. Mimi nawahi kushoto, namkuta."

"Na mtu usiyemjua?"

"Watu wote wana kushoto kwao. Mtazame pigano moja tu, utaona."

Hayo ndiyo niliyoyaandika. Alasiri baada ya alasiri alinieleza yaliyokuwa kichwani mwake, nami nikayageuza kuwa programu. Ilipokamilika, chini ya kishale cha kipanya palitokea duara kubwa kama sahani, na ndani yake uso wa mtu anayekaribia kuanguka, hata kabla hajaguswa. Hakuna kusogeza mkono huku na huku. Unabonyeza tu. Tukaiita Sahani.

Jumapili ya kwanza hakufa mtu. Nilikuwa nakunja mashuka nyuma yake, nikamsikia Jovert kwenye spika.

"Manong, umefufuka?"

"Nusu. Nusu nyingine bado iko kaburini inatafuta viatu."

Wakacheka hadi yule wa Dubai akapaliwa. Halafu Jovert akasema, "Hiyo Sahani, sisi wengine tunaweza kuipata?"

Manong akanigeukia. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa unatabasamu. "Wape, Inday. Wajue dada yangu amesoma."

Nikawapa. Nikaiweka pia kwenye ukurasa ambapo wachezaji huacha nyongeza zao ili kila mwenye shida achukue, kwa maana Bwana alisema mmepata bure, toeni bure. Sikuona kosa katika hilo, wala sasa silioni.

Mwezi haukuisha Jovert alimleta binamu yake Rhenz, awe mganga wa akiba. Rhenz alikuwa na mikono miwili mizima na vidole vya mvua juu ya bati. Hakumjua yeyote kwenye kundi, na hakuhitaji kumjua. Sahani ilimwambia kwamba Jovert atasahau kurudi nyuma. Sahani ilimwambia kwamba wa Dubai atakimbilia kushoto. Yeye kazi yake ilikuwa kubonyeza haraka kuliko mtu mwenye mkono mmoja.

"Manong, leo pumzika kidogo," Jovert alisema.

"Na Jumapili ijayo?"

"Tutaona, Manong."

Kwetu "tutaona" ni mlango unaofungwa polepole ili usikubane vidole. Hawakumfukuza. Afadhali wangemfukuza. Walimpa cheo, kikawekwa juu ya kichwa cha mhusika wake kwa herufi za dhahabu: Mwasisi Mtukufu. Na kila Jumapili Mwasisi Mtukufu alivaa joho lake la uganga, akasimama nje ya ngome, akawaangalia kumi wakiingia. Alikaa pale hadi watoke.

"Huenda mtandao ukamkatikia mmoja," aliniambia.

"Haujakatika tangu Krismasi."

"Huenda, nimesema."

Halafu wenye mchezo wakabadilisha mitambo yao, na asubuhi moja Sahani ikafa. Haikufunguka kwa mtu yeyote. Jioni ile Jovert na Rhenz walikuja nyumbani na sanduku la napoleones, vile vikeki vya matabaka vyenye sukari juu, kutoka Bacolod, limefungwa utepe. Tangu Manong atoke hospitali Jovert hakuwa amefika kwetu.

"Manong, umenawiri," alisema.

"Kaa, Jovert. Umekonda. Inday, wape kahawa."

Waliongea habari za mvua, za kuku wa kupigana wa jirani, za bei ya mchele. Napoleones nne zilikwisha kuliwa kabla Jovert hajanigeukia na kuniita Manang, dada mkubwa.

"Manang, ile Sahani. Nasikia imeharibika."

"Imeharibika."

"Unaweza kuitengeneza kabla ya Jumapili? Kundi la Cebu wamefika chumba cha mwisho. Wakitutangulia, lango ni lao."

"Toto, mwanangu, nikiitengeneza, kaka yangu ataingia ngomeni?"

Alifuta sukari vidoleni, kimoja kimoja. "Manang, tupo kumi tu."

"Nami nimeuliza habari za mmoja tu."

"Tutaona, Manang."

Rhenz alikuwa hajasema neno tangu aingie. Akasema, akiitazama kahawa yake, "Mimi naweza kutoka. Hata hiyo Sahani ni akili ya Manong."

"Kula, Rhenz," Jovert akasema.

"Nimeshiba."

"Basi kunywa."

Nilimtazama Manong nikitaka aseme kitu. Siku hiyo angedai, angepewa. Walikuwa mikononi mwetu. Yeye akasukuma sanduku kwa mkono wake wa kushoto hadi mbele ya Jovert. "Chukua nyingine. Mama yako hajambo?"

Walipoondoka nilisema, "Iache ife. Waende na macho yao wenyewe."

"Soma kwanza barua ulizoandikiwa kwenye ule ukurasa wa nyongeza."

Nilizisoma. Wapo walionitukana kwa kuchelewa. Lakini mwanamke mmoja wa Davao, aliyekatwa mkono na mashine ya kukoboa, aliandika kwamba tangu apate Sahani alikuwa amerudi kucheza na dada zake walio Kuwait, na sasa hawezi tena, na je, kuna lolote analoweza kusaidia.

"Mtengenezee huyo," Manong alisema.

"Nikimtengenezea huyo, Jovert naye ataipata."

"Ataipata."

"Na hatakuita."

"Najua, Inday. Ningemwomba pale, angenichukua. Ningesimama humo ndani, kila mtu akihesabu vidole vyangu." Akauweka mkono wa kulia mapajani kwa ule wa kushoto. "Nilitaka jina langu. Sikutaka kubebwa kwenda kuliandika."

Nilisali ile zaburi inayomwomba Mungu awavunje waovu meno. Nikairudia. Sikuona amani yoyote, wala sikuambiwa niache. Basi nikakaa kwenye kompyuta nikaitengeneza, kwa ajili ya mkono mmoja wa Davao, na nikaiachilia kwa wote. Bwana huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Hilo nimelisikia tangu utoto, lakini sikuwahi kuwa mimi ndiye ninayeibeba ndoo.

Jumapili ngome ilianguka. Jovert alimpelekea Manong video ya pigano, na chini yake ameandika: Shukrani kwa Mwasisi wetu.

Tuliitazama pamoja. Ilirekodiwa kwenye kompyuta ya Rhenz, kwa hiyo Sahani ilikuwa katikati ya kioo, kubwa, ikibadilisha nyuso. Manong aliketi na mkono wa kushoto juu ya meza. Baada ya muda nikaona kidole chake kinagonga mbao. Kinagonga, ndipo Sahani inawasha uso wa Jovert. Kinagonga tena, ndipo unawaka wa yule wa Dubai, kushoto. Kila mara kidole kilitangulia.

"Bado anasahau kurudi nyuma," alisema.

Mwisho wa video walisimama mbele ya lango, na majina yakaanza kujichonga. Aliniomba nikuze herufi. Nikazikuza. Akayasoma yote kumi kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma majina ya marehemu siku ya Watakatifu Wote, na alipofika la Rhenz akalirudia.

"Wamechonga vizuri," alisema. "Zima sasa, umeme ghali."

Nikazima. Sanduku la napoleones lilikuwa bado mezani, moja ndani yake, imejaa sisimizi. Nililichukua nikalitoa nje. Niliporudi alikuwa hajasogea, na kidole kilikuwa kinaendelea kugonga.