Kuku wa Bonde la Kitanga

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024. Mvua ilinyesha hadi alfajiri, na kulipokucha ukungu ulikuwa bado umelalia migomba ya Kitanga. Darasa la jioni la uandishi limenifundisha kuanza hivyo: siku kwanza, kisha hali ya hewa.

Nilifika kwa Kipriani, mfugaji ninayechukua kwake kuku wa kuuza mjini, nimejaa tope hadi magotini.

"Mwakeye, Mama Gentille!" Akanisalimu kwa Kiha, akafunua beseni kwa furaha ya mtu aliyemsaidia mwenzake kazi. Kuku wote wa harusi walikuwa humo, wamenyonyolewa.

"Mzee Mansuri yuko wapi?"

Mansuri ndiye aliyetuchinjia siku zote. Mteja wangu, Bi Asmahani wa Kasulu, ni Mwislamu, na adhuhuri ile alikuwa anamwoza binti yake. Hakuwahi kuniuliza nani alishika kisu. Aliniamini.

"Amelazwa hospitali ya Kabanga tangu jana. Sikutaka uaibike, nimewachinja mwenyewe." Akashusha sauti. "Ila niliwaelekeza kibla, kama yeye."

Kipriani ni mzee wa kanisa letu. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Nipe wengine, wazima."

Akanionyesha bonde kwa kidevu. Kuku wake hukamatwa jioni tu, wakishapanda kulala. Sasa walikuwa wametawanyika majanini wakichakura, na hata mbwa asingewapata. Uhuru wao ndio niliousifia mjini kila wiki: nyama yenye ladha, kiini cha yai chekundu. Leo uhuru huo ulinifunga mimi.

"Chukua tu, mama. Nani atajua? Kuku hasemi."

Barabarani bodaboda akapiga honi. Nilikwenda nyuma ya zizi, nikapiga magoti topeni, nikamwomba Mungu anifungulie mlango wa pembeni, hata mdogo. Honi ikalia tena. Mlango ulikuwa mmoja tu, nao ulielekea uani kwa Asmahani.

Beseni nikaliacha. Nilipakia mayai, maboga na maharage, nikapanda.

Uani vitunguu vilikuwa vimeshageuka rangi. Bi Asmahani akachungulia nyuma yangu.

"Mama Gentille, kuku wangu wanakuja kwa miguu?"

Wanawake wakacheka.

"Mansuri anaumwa. Waliochinjwa hakuwachinja yeye. Nimewaacha."

Mwiko ukasimama sufuriani. Nilingoja anifukuze. Badala yake akauliza polepole, na swali lile ndilo nililoliogopa tangu Kitanga:

"Na wale wa siku zote?"

"Mansuri. Nilisimama nikaona kwa macho yangu."

Alinitazama mpaka vitunguu vikaanza kunukia kuungua. Kisha akanipokea trei za mayai, akaziweka karibu na jiko.

"Harusi ya mayai!" mmoja akanong'ona. "Hii haijapata kuonekana."

"Itaonekana leo," Asmahani akamjibu. Akanigeukia. "Lakini wewe, weka ahadi mbele ya hawa."

Nikasimama, tope likinikaukia miguuni.

"Mbele yenu, mama zangu, na mbele za Mungu: kuku nisiyemwona akichinjwa na Mwislamu hataingia nyumba hii kwa mkono wangu, hata kama wali utaliwa mkavu."