Joto la Ijumaa

Kwa hasira nilizokuwa nazo Ijumaa ile, ungeniwekea sufuria kichwani ungeivisha ugali.

Mwaka 2006 nilipelekwa Dubai miezi mitatu kujifunza biashara ya magari yaliyotumika. Kampuni ya Kijapani iliyonitoa Tanga haikunitafutia chumba. Ilinipachika nyumbani kwa meneja wake, Bwana Morishita, eti nizoee tabia zao. Nikazoea. Ndala za sebuleni, ndala za chooni. Ukizichanganya, watoto wanakutazama kama umeingia na punda. Tuliongea Kiingereza cha kuungaunga, ila mke wake nilishamfundisha maneno mawili ya Kiswahili: asante na joto.

Sasa, dada yangu Joha alikuwa mtumishi wa ndani mtaa wa Al Muraqqabat, Dubai hapo hapo. Miaka minne sijamwona. Hata nilipofika Dubai, arbab wake, yaani tajiri wake, hakumpa nafasi. Ijumaa hiyo alikuwa anarudi Tanga jumla. Njiani kwenda uwanja wa ndege angepita bandari ya Hamriya kuacha mzigo, saa nne hadi saa tano asubuhi. Basi.

Jumatatu nikamwomba mke wa Morishita. "Madam, Ijumaa niende Hamriya kumuaga dada."

Akainamisha kichwa, akavuta hewa kwa meno kama aliyetafuna pilipili. "Ijumaa... joto..."

"Joto nimelizoea, madam. Mimi mtu wa Tanga!"

Akatabasamu. Jumatano nikamkumbusha.

"Ijumaa... joto..."

"Nitavaa kofia!"

Akatabasamu tena. Nikampigia Joha: ruhusa ninayo.

Ijumaa saa tatu na nusu natoka chumbani nimejipulizia marashi, nakuta meza imejaa. Mkurugenzi mkuu katoka Osaka kuja kumwona mwanafunzi wa Afrika. Mwanafunzi ndiye mimi. Nikamvuta madam jikoni.

"Madam, na ruhusa yangu?"

"Lakini Taib, nilikukatalia. Mara mbili. Nilisema *chotto*."

"Ulisema joto!"

"*Chotto*. Maana yake 'kidogo'. Kidogo ni vigumu. Kwetu hiyo ndiyo hapana."

"Hapana gani hiyo ya kuchekeana? Kwetu mtu akikukatalia, hata jirani anasikia!"

Akainama kuomba radhi. Nikakaa mezani nimevimba kama andazi. Saa nne ikapita. Simu inatetemeka mfukoni, Joha huyo. Mkurugenzi akanigeukia, mpole kabisa: "Unaonaje maisha na familia ya Morishita?"

Nikainamisha kichwa. Nikavuta hewa mpaka meno yakauma.

"*Chotto*..."

Mtoto akaangusha vijiti. Bwana Morishita akawa mweupe kuliko wali wake. Akamtazama mkewe, mkewe akainuka, akachukua ufunguo wa gari.

Akaniendesha mwenyewe mpaka bandarini.

Hamriya, saa tano kasoro dakika tatu, Joha amekalia boksi lake, dereva wa arbab anapiga honi, "Yalla! Yalla!" Hakunisalimia. Alinitandika mkoba wa bega.

"Saa nzima, Taib! Miaka minne, halafu unaniweka saa nzima!"

"Dada, ni joto..."

"Joto! Umezaliwa Norway wewe?"

Akanikumbatia hivyo hivyo, huku ananitukana shingoni. Dakika tatu, khalas, gari likaondoka naye.

Madam alikuwa kasimama kando, jasho linamtiririka. Akaliinamia gari la Joha kwa heshima, akasema lile neno lake. Joto au *chotto*, sikumuuliza. Hasira zilikuwa hazijaniisha.