Breki ya Kitufe

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Atakayekuambia anaifanya peke yake, muulize kwanza kama kuna mtu anayekubali kufanya kazi naye. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva na kukanyaga pedeli. Mwingine anajikunja kwenye gurudumu na spana, anafungua nati ndogo, oili inatoka na mapovu yake, anafunga. Wa juu akiachia kabla wa chini hajafunga, upepo unarudi ndani na kazi inaanza upya. Kwa hiyo lazima waitikiane: kanyaga, nimekanyaga, shikilia, nimeshikilia, haya achia. Mtaa mzima uliyajua maneno hayo, maana Fundi Breki na mkewe walikuwa wakiitikiana hivyo tangu watoto wao hawajaota meno, na sasa watoto hao wana watoto wao. Ndiyo sababu mke akaitwa Mama Kanyaga. Mwanzoni alilikasirikia jina hilo, kisha akaliacha, kwa kuwa jina la mtaani ukilikasirikia ndiyo unalipigilia misumari.

Sasa basi, mume alikuwa hasikii.

Si kwamba alikuwa kiziwi kabisa. Ukisimama mbele yake alikuelewa, nusu kwa masikio, nusu kwa kutazama midomo. Lakini ukimsemesha akiwa amekupa kisogo, sauti ilimfikia kama redio ya jirani: anajua kuna mtu anaongea, hajui anasema nini. Na hakumwambia mtu. Wanaume bwana, wakiumwa kidole wanataka kulishwa uji, wakiumwa jambo la maana wanajikaza kisabuni.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mama Kanyaga aliigundua akiwa palepale kwenye kiti cha dereva. Aliona kwenye kioo cha pembeni kwamba mumewe hangoji tena aitikiwe, macho yake yako kwenye taa ya nyuma ya gari. Ukikanyaga breki taa ile inawaka nyekundu, ukiachia inazimika, nayo haihitaji masikio. Siku moja akamjaribu. Akasema, "Nimekanyaga," na mguu wake uko pembeni. Mume akatulia tuli, anatazama taa. Kisha akakanyaga kimyakimya bila kutoa hata pumzi, taa ikawaka, na spana ikazunguka mara moja. Mama Kanyaga akaanza kucheka peke yake mle garini, na kabla hajamaliza kucheka machozi yakamtoka. Alimwona mjanja, na alimwonea huruma, na alimpenda, yote kwa pamoja.

Hakumwambia kwamba amejua. Sababu ilikuwa moja, nayo ilikuwa na jina la kaka. Kaka mkubwa wa Fundi Breki ndiye aliyemfundisha kazi, na alipoanza kupoteza masikio, mdogo wake, Fundi Breki mwenyewe, ndiye aliyemwambia mbele ya watu kwamba fundi wa breki asiyesikia ni muuaji, aweke spana chini. Kaka aliziweka. Akakaa nyumbani, akaanza kunyamaza, akanyamaza mpaka ikawa hata salamu anaiona mzigo. Mama Kanyaga alikuwa akimpelekea chakula shemeji yake huyo, na kila alipotoka pale alijisemea kwamba mume wake hataishia hivyo. Mume akijua kwamba mke anajua, atajihukumu kwa maneno yake mwenyewe, maana ni mtu wa kushika neno kupita kiasi. Basi mke akaendelea kupiga kelele "Nimekanyaga!" kwa ajili ya majirani, na kukanyaga taratibu kwa ajili ya mumewe. Maisha yakaenda.

Yakaenda mpaka gari la mkunga lilipoingia.

Mkunga alikuwa mama mnene, mchangamfu, na zahanati yake iko juu ya mteremko mkali. Alisema gari linavuja oili gurudumu la nyuma na breki zinakwaruza. Akakaa kwenye benchi pale mlangoni, kati ya karakana na kwa seremala, akavua viatu, akasema hatoki hapo mpaka gari lipone, kwa sababu kule juu akiegesha gari bovu litashuka lenyewe kuja kumtafuta fundi.

Mama Kanyaga akaingia kwenye kiti, akatafuta hendibreki kwa mkono, akapapasa hewa. Palikuwa na kitufe tu.

Mumewe akaja dirishani kumweleza. Gari la zamani, breki ya mguu ni oili na breki ya mkono ni waya wa chuma, kila moja na njia yake. Hili, zote mbili zinakutana kwenye kalipa moja, kile kibanio cha gurudumuni. Ukikanyaga, oili inasukuma pistoni na pedi zinabana diski. Ukibonyeza kitufe, kuna mota ndogo mgongoni mwa kalipa inayoisukuma pistoni ileile. "Kwa hiyo kabla sijarudisha pistoni nyuma lazima mota ijirudishe kwanza, la sivyo navunja meno yake," alisema. Akamchomekea kikompyuta chini ya usukani. "Hapa unafungua, hapa unabana. Mpaka niseme."

"Mpaka useme," mke akaitikia.

Walianza na mpira wa oili uliopasuka. Mume akafunga mpya, wakatoa upepo, na hapo mambo yalikwenda kama siku zote, taa inawaka, taa inazima, seremala kule kwake anarudia maneno yao kwa kuwaiga sauti. Halafu ikafika zamu ya pedi.

"Fungua," mume akasema.

Mama Kanyaga akabonyeza. Mota ikalia kidogo kule nyuma, mlio mwembamba kama wa mbu, ikanyamaza. "Tayari," akasema.

Mume hakusogea. Alikuwa anatazama taa. Na taa haikuwaka, itawakaje, hakuna aliyekanyaga kitu. Mama Kanyaga alimwona kwenye kioo, amechuchumaa na spana mkononi, anaingoja taa kwa subira yake yote, na moyo ukamuuma. Mtu mzima haumbuliwi mbele ya wateja. Akashuka akijifanya anataka kitambaa, akapita mbele ya uso wake na kumwambia, "Tayari, imeshafunguka muda." Mume akasema, "Haya, haya, nilikuwa naangalia kitu," akaivuta kalipa.

Mama Kanyaga akarudi kitini. Kazi iliyobaki ilikuwa mume aweke pedi mpya mbili, ya ndani na ya nje, kisha yeye abane waone mota inavyoshika. Akamsikia anagonga, anasugua, ananung'unika wimbo usio na kichwa wala miguu. Kisha kimya.

"Umemaliza?" aliuliza. "Nibane?"

"Haya," sauti ikatoka kwenye gurudumu.

Kidole kilikuwa tayari. Lakini haya ile ilikuja upesi mno. Mama Kanyaga aliijua haya hiyo, alikuwa akiishi nayo nyumbani. Ni haya ya mume anayejua kwamba ameulizwa kitu na hajui ameulizwa nini. Akakitoa kidole polepole, akaweka kile kikompyuta kwenye kiti cha abiria, akashuka.

Mumewe alikuwa ameweka pedi ya ndani. Ya nje ilikuwa imegoma kukaa, na alikuwa ameingiza vidole vyote vinne vya mkono wa kulia kati ya diski na kalipa, anaisukuma.

Akasimama nyuma ya mgongo wa mume wake, akamwambia kwa sauti ya kawaida tu, "Mume wangu, nilikuwa nakukata vidole."

"Haya," mume akasema.

Mkunga kwenye benchi akaacha kujipepea.

Mama Kanyaga akamshika bega. Mume akageuka, akaona uso wa mkewe, na tabasamu alilokuwa nalo likazimika. Mke alimwonyesha kidole chake mwenyewe, akakibonyeza hewani, kisha akamshika mkono ule wa kulia na kuukumbatia kifuani, na grisi yake yote, juu ya gauni safi.

Mume aliangalia kalipa, akaangalia mkono. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo la breki mara mbili.

"Tangu lini unajua?" aliuliza.

"Tangu ulipoanza kuitazama ile taa kuliko unavyonitazama mimi."

Hakucheka. Aliuvuta mkono wake, akaanza kuokota spana moja moja, anazifuta, anazipanga kwenye sanduku. Alizifuta vizuri kuliko siku nyingine yoyote, na Mama Kanyaga alijua maana yake.

"Nilimwambia kaka nini?" mume akasema, bila kuinua kichwa. "Unakumbuka nilimwambia nini?"

Mke akamshika kidevu na kumwinua uso, kama anavyomfanyia mjukuu anayekataa dawa. "Nakumbuka. Ulikosea. Nilinyamaza siku ile kwa sababu yalikuwa mambo ya ndugu, na kunyamaza kwangu kunanikera mpaka leo. Kaka yako alikuwa anakanyagiwa pedeli na yeyote anayepita njiani. Wewe unakanyagiwa na mimi."

"Ungebonyeza."

"Sikubonyeza."

"Kesho ungebonyeza."

"Kesho hutanidanganya kwamba umesikia," mke akasema, na hapo hasira ikampanda, hasira ya kweli. "Mimi sijui kazi yako inataka masikio mangapi. Najua inataka mtu asiyesema haya wakati hajasikia kitu. Hilo ndilo lililotaka kukukata vidole, si sikio. Sikio tutalipeleka hospitali. Huo uongo nitaupeleka wapi? Na usinifungie sanduku, gari la watu liko juu ya jeki na pedi moja. Unastaafuje katikati ya gurudumu?"

"Na mimi leo nina mama wa mapacha," mkunga akatia neno kutoka kwenye benchi. "Kifaa changu cha kusikilizia mioyo kikichoka, nabadilisha kifaa. Siwaambii watoto wasubiri."

"Sikio la kufa halisikii dawa," seremala akadakia.

"Wewe randa mbao," Mama Kanyaga akamjibu bila kugeuka.

Mume alikuwa amekaa chini kwenye sakafu, ameegemea gurudumu la akiba. Alikuwa anamtazama mkewe midomoni, waziwazi sasa, bila kujificha, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo na bado hajazoea wepesi.

"Magari si kitu," akasema mwishowe. "Gari nikiligusa linaniambia. Lakini usiku ukizima taa, wewe huwa unaongea. Nasikia mvumo wako tu. Sikuoni mdomo. Huwa unaniambia nini?"

Mtu anaweza kujiandaa kwa mengi, lakini si kwa hilo, saa za mchana, mbele ya mkunga.

"Mambo ya nyumbani," Mama Kanyaga akasema.

"Mengine si ya nyumbani. Mvumo wake ni tofauti."

Mke akachutama mbele yake. Akasema kwa sauti ya chini, "Siku ile ya mvua kubwa nilikuuliza kama ungeniposa tena."

"Sikupata. Sema kwa nguvu."

Akatazama pembeni. Akapiga moyo konde, na akasema kwa ile sauti yake ya kazini, inayofika mpaka ng'ambo ya barabara, "Nilikuuliza, kama ungenijua nilivyo sasa, na unene wangu huu na mdomo wangu huu, ungekuja kwetu kuniposa tena?"

Randa ya seremala ikasimama. Mkunga akatazama miguu yake.

"Na mimi nikajibu nini?" mume akauliza.

"Ukasema haya. Ukageukia ukutani ukalala. Nilikununia wiki nzima."

Fundi Breki alifikiri kidogo, kwa makini, kama anayepima unene wa pedi.

"Basi hilo nililijibu sawa," akasema.

Kisha akafungua tena sanduku, akatoa spana, akapiga magoti kwenye gurudumu na kuisukuma ile pedi ya nje mpaka ikakaa. Mama Kanyaga alirudi kwenye kiti na kutazama kioo cha pembeni, lakini kilikuwa na ukungu, akakifuta, kumbe ni macho yake. Alipoona vizuri, mumewe alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, vidole vimetawanywa ili avione vyote, na anamtazama yeye. Akabonyeza.