Mtungi Uliokuwa Bado Baridi

Uvumi uliletwa Bokoli na watu waliotoka sokoni Kitale: ati huko Kiminini chungu kimepasuka motoni, kigae kikamtoboa msichana jicho. Bilha alikula na uvumi huo, akalala nao, kwa maana binti yake Sellah alikuwa karibu kuchoma vyungu vyake vya kwanza. Mumewe Walubengo alikuwa mbali, kibarua kwenye shamba la mzungu, kwa hiyo hofu yote aliibeba peke yake.

Siku ya kuchoma ilipofika, aliwahi kabla moto haujawashwa. Agneta, dada ya mumewe, aliyemfundisha Sellah kufinyanga, alikuwa akipanga kuni na samadi kavu.

"Mulamwa, wifi yangu, umekuja kutusaidia ama kutulilia?"

"Nimekuja kuona macho ya mtoto wangu yakiwa mawili."

"Basi hesabu upesi, tuwashe."

Bilha hakucheka. Aliinua chungu kimoja kimoja, akakiweka shavuni. Udongo wenye maji ndani huwa baridi, hata kama nje umeshakuwa mweupe. Vyungu vidogo vilikuwa sawa. Lakini mtungi mkubwa, ule Sellah aliomwahidi Zuena, muuza nguo wa Kitale, ulimpoza shavu pale kwenye kitako.

"Huu hauingii motoni."

"Mama, si umekauka? Tazama rangi. Na Mama Zuena anaujia leo."

"Atakuja, atakunywa uji, ataurudia siku nyingine."

Sellah akamtazama shangazi yake, amtetee. Agneta akauweka mtungi shavuni mwake, akaupapasa kitako.

"Kitako ni kinene. Haya maji yakichemka, utaruka vipande. Peleka uchagani, juu ya meko, ukauke na moshi wa jikoni."

Sellah akanuna, lakini akaubeba.

Vilivyobaki vikachomwa. Vilipokuwa vyekundu kama makaa, Agneta akaviopoa kwa mti mrefu, na Sellah akavifunika kwa makapi ya wimbi na nyasi mbichi. Moshi mzito ukapanda. Bilha akanyoosha mkono afunue, aone.

"Acha, mulamwa. Upepo ukiingia, vitatoka na madoa."

Akaacha. Vilipopoa vilitoka vyeusi ti, vizima vyote, na Sellah akicheka, macho yakimtoka machozi ya moshi tu.

Zuena alipofika, alichagua chungu cha mboga, akakigonga kwa kidole, akaridhika.

"Mtungi utangoja," alisema. "Maji ya kwangu yamezoea debe."

Jioni ile Bilha akamega ugali, akala mpaka akashiba.

Basi mama mwenye binti mfinyanzi, mkataze haya:

Kuchoma chungu ambacho shavu linakisikia baridi.
Kuamini rangi ya udongo.
Kuharakisha kwa sababu mnunuzi yuko njiani.
Kuinamia moto unapoanza kushika.
Kuopoa chungu kwa mti mfupi.
Kufunua makapi kabla vyungu havijapoa.