Taji Themanini

Kosa lilikuwa la Kibwana, na mwenyewe hakulikana. Yeye ndiye aliyemwonyesha askari wa misitu njia ya kuingia kwenye mikoko.

Pale Kisimani, mwendo wa asubuhi nzima kaskazini ya Bagamoyo, mkoko haukukatwa ovyo. Upande uliofungwa ulitiwa alama ya kuti bichi, limezungushwa kwenye shina, na mwenye shoka akiliona hupita mbali. Kufunga kuti ilikuwa kazi ya ukoo wa Kibwana. Mikoko iliyo mbele ya mashamba ya mpunga haikufunguliwa tangu enzi za babu yake, kwa kuwa ndiyo iliyozuia maji ya chumvi. Upande wa pili ilikatwa yote zama za Mjerumani. Bahari ikaingia, na hadi mwaka huo wa 1949 hapakuwa pameota hata nyasi.

Basi alipokuja Mbaruku, askari wa misitu, na nyundo yenye umbo la taji kichwani, akasema serikali inataka miti iliyo mizuri kuliko yote itiwe alama, Kibwana alifurahi. Kwao alama juu ya mti ilikuwa na maana moja tu: usiguse. Alidhani serikali nayo imefunga kuti lake, kuti la chuma. Siku tatu alimvusha Mbaruku kwenye tope, akimwelekeza mti kwa mti, mpaka wakagonga taji themanini, zote mbele ya mpunga.

Wiki mbili baadaye Sadallah, mfanyabiashara wa boriti wa mjini, akaleta watu wenye mashoka. Walipiga kambi ufukweni wakingoja maji yapwe vizuri kesho kutwa. Mnyapara wao alikuwa na kibali, akakisoma kwa sauti: ikatwe miti yenye taji tu, isiyo na taji, marufuku.

Ashura, mkewe Kibwana, hakupiga kelele. Alisema, "Baba Tabia, umewaonyesha koo la mwanao."

Kibwana akaenda kwa jumbe Mwinyimvua.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba. Najua lililokuleta, na dawa sina. Mikoko ni mali ya serikali. Imeandikwa Dar es Salaam."

"Huko Dar es Salaam wanalima mpunga wetu?"

"Kibwana, usinitie matatani. Kanzu hii nimevalishwa na Boma."

"Na kabla ya kanzu ulikuwa ukila nini?"

Jumbe akatazama pembeni. Yeye pia alikuwa na shamba kule kule.

Kesho yake, jua limeshawaka na maji yamekupwa, Kibwana alichukua shoka dogo na pakacha. Mdogo wake, Bwanausi, akamshika mkono.

"Ngoja giza basi, kaka! Watakufunga."

"Giza la nini? Nimeiba?"

Akaingia topeni huku watu wa Sadallah wanamtazama. Kila mti aliubandua kipande chembamba, pale palipogongwa taji tu, akakitia pakachani. Kufikia adhuhuri alikuwa navyo themanini. Akanawa miguu, akasali, akaenda zake Bagamoyo. Kesho yake asubuhi akaingia Bomani na kumwaga vipande vyote juu ya meza ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya.

"Ni nini hii?"

"Taji zenu. Nimezirudisha."

Bwana Shauri akawa mwekundu. "Unajua kufuta alama ya serikali ni kosa?"

"Najua, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Lakini sheria yenu inasema mti usio na taji haukatwi. Sasa miti ile haina taji. Ishikeni sheria yenu."

"Nani aliyekutuma?"

"Mpunga."

Alipewa kifungo cha miezi mitatu. Walimvika kaptula ya gerezani, wakampa fyekeo akate majani mbele ya Boma.

Mwezi wa pili akapita Mbaruku na nyundo yake, tope limemganda mpaka kiunoni. Akachuchumaa karibu na Kibwana.

"Nimeambiwa nigonge upya, kaka. Siku nne nazama tu. Sadallah kachoka kungoja, amewapeleka watu wake Rufiji. Kila ninayemwuliza njia ananijibu kwamba mwenye kuijua mmemfunga wenyewe."

"Hata jumbe?"

"Jumbe ndiye wa kwanza kunijibu hivyo. Tena mkeo amefunga kuti kwenye kila shina la mbele." Akashusha sauti. "Wewe nielekeze tu kwa mdomo. Nitasema wakupunguzie siku."

Kibwana akanyoosha mgongo, akajifuta jasho.

"Kamwombe ruhusa Bwana Shauri," alisema. "Mimi sasa ni mali ya serikali, kama mikoko."

Akainama, akaendelea kufyeka.