Matofali ya Wageni

Mama Maji alifunua magunia, akainamisha ndoo, akayanywesha matofali ya wageni kwanza, kama alivyoagizwa. Maji yakaishia hapohapo. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu juzi, na bosi alishasema waziwazi kwamba yale mengine yatajijua yenyewe.

Kila kiwanja cha kufyatua matofali kilikuwa na ya wageni, kama nyumba zilivyo na vikombe ambavyo watoto hawaruhusiwi kuvigusa. Yalifyatuliwa kwa saruji ya kutosha, yakafunikwa magunia mabichi, yakamngoja mkaguzi. Ya kuuza yalikuwa mchanga mtupu ulionusishwa saruji, yakaachwa juani hadi yakawa meupe. Saruji ilikuwa imepanda bei tena, na bosi hakuwa mtu wa kupanda nayo.

Chama cha wafyatuaji kilikuwa kimeapa kwamba mambo hayo yamekwisha. Mwaka uliopita ukuta wa ghala ulianguka ukaua vibarua, wakubwa wa chama wakalia mbele ya kamera, kisha wakatundika mabango: UBORA NI UHAI. Kila kiwanja kingepimwa, na kitakachofaulu kingepewa alama ya kupigwa kwenye kila tofali. Mama Maji aliliamini bango lile. Hakuwa mjinga, alitaka tu liwe kweli.

Lori la shule liliingia wakati bosi amekwenda kumpokea mkaguzi. Shule ilikuwa inajenga darasa jipya, na mjukuu wa Mama Maji, aliyemlea tangu akiwa mchanga, ndiye angehamia humo muhula ujao. Mama Maji aliokota tofali moja la kuuza, akalisugua kwa kidole gumba. Kona ikamomonyoka kama mkate uliolala.

"Tunapakia yapi, mama?" dereva aliuliza.

"Anza na yale yaliyofunikwa."

Sululu, mfyatuaji, akaacha kuchanganya. "Mama Maji, umelewa? Hayo ya wageni!"

"Na watoto ni wageni. Hapa duniani wamefika juzi tu."

"Bosi atakutoa roho."

"Anitoe. Wewe hukuona kitu, ulikuwa chooni."

Sululu alimtazama kidogo, akalaza koleo chini, akaenda chooni kweli.

Matofali ya wageni hayakujaza hata robo ya lori. Nafasi iliyobaki ilijazwa na yale meupe, na Mama Maji akageuza uso yalipokuwa yakipakiwa.

Bosi alirudi na mkaguzi, bwana mpole aliyevaa viatu visivyo na vumbi. "Karibu, mkuu. Chagua mwenyewe, hapa hatuna upendeleo," bosi alisema, akimwelekeza moja kwa moja kwenye magunia. Akayafunua kwa mbwembwe. Chini palikuwa na udongo uliolowa tu.

Bosi akabaki ameshika gunia, mdomo wazi. Mama Maji aliona nafasi yake. Akasogea.

"Matofali yapo, mkuu. Haya hapa. Ndiyo tunayowauzia watu."

Mkaguzi aliliinua moja, akaligonga kwa ufunguo wa gari. Vumbi likamwagika kwenye kiatu. Akalirudisha taratibu, akajipangusa.

"Mama, unataka nikifunge kiwanja? Halafu mle wapi?"

"Nataka uyapime tu."

Mkaguzi alikwenda kwenye gari lake, akafungua buti. Ndani yalikuwamo matofali ya kijivu, mazito, yenye kona kali, yamelazwa juu ya blanketi.

"Haya nilipewa na kiwanja cha kule juu," alimwambia bosi. "Yalibaki. Nitaandika yametoka kwako. Usihangaike, kaka, wenzako karibu wote wamefaulu kwa hayahaya."

Bosi alicheka, akaagiza soda. Mama Maji hakucheka. Aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa. Na ili asije akarudi mara ya pili, mkaguzi aliwaachia alama papo hapo: kipande cha bati kilichotobolewa maandishi, pamoja na kopo la rangi ya buluu.

Gari lilipoondoka, bosi alimwita. Mama Maji alitegemea kufukuzwa, na angeona nafuu.

"Najua ni wewe," bosi alisema bila kufoka. "Wala sina kinyongo. Kuanzia leo hakuna kumwagilia. Mkaguzi haji tena mwaka huu, maji ya nini?" Akamkabidhi brashi. "Wewe utapiga alama."

Akapiga. Alikuwa na watu wa kulisha. Alilaza bati juu ya kila tofali jeupe, akapitisha brashi, na mengine yalipukutika chini ya mkono wake hata kabla rangi haijakauka. Mchana lori la shule lilirudi kuchukua yaliyobaki, na likapakiwa hayo, yote yakiwa na alama ya ubora.

"Yale ya asubuhi, ya kijivu, wameyaweka wapi?" alimuuliza dereva.

"Fundi kayapenda hayo! Kayajengea kona ya mbele, pale mlangoni."

Jioni alimkuta mjukuu wake akifua soksi za shule. Aliketi kwenye kindoo kilichofunikwa, viganja vyake bado vya buluu.

"Mkihamia darasa jipya, wewe ukae mbele, karibu na mlango."

"Bibi, mwalimu hupanga kwa urefu. Mimi huwa nyuma kabisa."

Mama Maji alimtazama. Kweli alikuwa amerefuka, sketi ilikuwa imempanda magotini.

"Basi mwambie huoni ubaoni."

"Lakini mimi naona."

"Najua unaona, mama yangu," alisema, akisugua rangi isiyotoka. "Sema huoni."